Zijue chembe za dhahabu zinazobaini sumu katika mahindi na muhogo

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

MNUNUZI wa mahindi katika soko la Ujiji ana kipimo chake cha siku zote. Huchota punje kiganjani, huzitazama rangi, huzinusa, kisha hutia moja mdomoni na kuing'ata. Ikivunjika kwa mlio, hujua kuwa mahindi yamekauka. Ikibonyea, hushusha bei au huondoka zake.

Kipimo hicho ni cha busara na kimerithiwa kizazi hadi kizazi. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo jino, pua na jicho haviwezi kulibaini, nalo ni sumukuvu. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus wanaoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Haina rangi ya kuonekana wala harufu ya kunusika, na moto wa kupikia ugali hauiondoi.

Kwa nafaka, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla ya sumukuvu, na sehemu 5 kwa bilioni kwa ile kali zaidi, yaani aina ya B1. Ili msomaji apate picha ya udogo huo, sehemu 10 kwa bilioni ni sawa na gramu moja tu ya sumu iliyotawanyika katika magunia 1,000 ya kilo 100 kila moja.

Je, kitu kidogo kiasi hicho kinapimwaje, tena mahali palipo mbali na maabara kubwa? Reli ya Kati kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, ziliko maabara kuu za Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ina urefu wa kilomita zipatazo 1,250. Swali hilo ndilo limewafanya wanasayansi wa nchi nyingi kutengeneza vifaa vidogo vinavyoitwa vihisio vya kibiolojia, na katika miaka ya karibuni kuviongezea nguvu kwa maada za nano.

Makala haya yanaeleza vifaa hivyo ni nini, vinafanyaje kazi, vinaweza nini, na visichoweza ni nini.

Kihisio cha kibiolojia ni nini?

Kihisio cha kibiolojia ni kifaa chenye sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni kitambuzi, yaani kitu chenye asili ya uhai kinachokitambua kile kinachotafutwa na kukishika, kama vile kingamwili au kimeng'enya. Ya pili ni kigeuzi, ambacho hubadilisha tukio hilo la kushikana kuwa ishara inayoweza kusomwa na binadamu: rangi, mwanga au mkondo wa umeme.

Mfano unaojulikana na wengi ni kifaa cha kupima sukari katika damu. Msingi wake uliwekwa mwaka 1962 na Leland Clark na Champ Lyons nchini Marekani, walipopendekeza kuunganisha kimeng'enya kinachovunja glukosi na kipande cha metali kinachopitisha umeme. Kimeng'enya kikikutana na glukosi hutokea mabadiliko ya kikemikali, na mabadiliko hayo hupimwa kama umeme. Mgonjwa wa kisukari anayejitoboa kidole leo na kuona namba katika kioo kidogo anatumia wazo hilo hilo.

Mfano mwingine ni kipimo cha haraka cha malaria, maarufu kama MRDT. Wakazi wa Kigoma wanakifahamu vyema. Utafiti wa Viashiria vya Malaria wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa asilimia 24 ya watoto wa mkoa huo wenye umri wa chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea, ikilinganishwa na wastani wa kitaifa wa asilimia 7. Hapakuwa na mkoa wenye kiwango cha juu kuliko hicho.

Lakini ni wachache wanaojua kwamba ile mistari myekundu inayotokea katika kipimo hicho kwa kawaida ni dhahabu.

Dhahabu iliyo nyekundu

Nanometa moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa nanometa zipatazo 80,000. Maada za nano ni zile ambazo chembe zake zina vipimo vya kati ya nanometa 1 na 100, na jambo la ajabu ni kuwa katika udogo huo, maada hubadilika tabia.

Dhahabu ya kidani au ya pete ni ya manjano. Dhahabu hiyo hiyo ikipunguzwa hadi kufikia chembe za nanometa 20 hadi 40 na kuelea katika maji huonekana nyekundu kama divai. Sababu ni kwamba elektroni zilizo juu ya chembe hutikiswa pamoja na mwanga, zikafyonza rangi ya kijani na kuacha nyekundu ipite. Chembe zikisogeleana na kushikamana, rangi hugeuka kuwa ya zambarau au buluu.

Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday ndiye aliyelieleza jambo hilo kisayansi mwaka 1857, alipotengeneza vimiminika vyekundu vya dhahabu mjini London.

Faida yake ni kubwa. Mamilioni ya chembe hizo yakikusanyika mahali pamoja juu ya karatasi, jicho la kawaida huona mstari bila ya hadubini, bila ya umeme na bila ya mashine. Ndiyo maana teknolojia hii imefika hadi katika zahanati za vijijini. Vipimo vingi vya haraka vya kipindupindu, ugonjwa ambao mwezi Mei 2015 uliwakumba maelfu ya wakimbizi wa Burundi waliokusanyika katika kijiji cha Kagunga kando ya Ziwa Tanganyika, hutumia kanuni hiyo hiyo.

Ugumu wa kukamata molekuli ndogo

Hapa ndipo ulipo ugumu wa somo letu. Kinachotafutwa katika malaria ni protini, ambayo ni molekuli kubwa. Inaweza kushikwa na kingamwili mbili kwa wakati mmoja, moja upande huu na nyingine upande ule, kama watu wawili wanaobeba gogo. Kingamwili ya kwanza imebandikwa katika karatasi, ya pili imebeba dhahabu. Protini ikiwapo, huziunganisha hizo mbili na mstari hutokea.

Sumukuvu haibebeki namna hiyo. Uzito wa molekuli moja ya sumukuvu B1 ni 312 tu, ilhali kingamwili moja ina uzito wa takribani 150,000. Glukosi ina uzito wa 180. Sayanidi, sumu ya muhogo mchungu, ina uzito wa 27. Molekuli hizi ni ndogo mno kiasi kwamba kingamwili moja ikishaishika, hakuna nafasi iliyobaki ya kingamwili ya pili.

Wanasayansi waliivuka shida hiyo kwa mbinu ya ushindani, ambayo misingi yake iliwekwa na Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa Marekani walipobuni kipimo cha insulini mwishoni mwa miaka ya 1950. Yalow alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977 kwa kazi hiyo.

Mbinu yenyewe inaweza kuelezwa kwa mfano wa wachukuzi wa mwalo wa Kibirizi. Tuseme ufukweni kuna mizigo iliyofungwa ardhini, na wachukuzi wanapita. Wakija mikono mitupu, wataishika ile mizigo na kukusanyika pale. Lakini wakiwa wamekwisha kukutana na mizigo mingine njiani, mikono yao imejaa, hivyo watapita bila kusimama.

Katika utepe wa kupima sumukuvu, wachukuzi ni kingamwili zilizobeba dhahabu. Mizigo iliyofungwa ni sumu kidogo iliyobandikwa na mtengenezaji katika mstari wa kipimo. Sampuli ikiwa safi, kingamwili hufika zikiwa tupu, hushika mstari, na rangi nyekundu hutokea. Sampuli ikiwa na sumu, kingamwili hujaa njiani na mstari hufifia au hautokei kabisa.

Mistari inayoweza kupotosha

Maana yake ni kwamba usomaji wa utepe wa sumukuvu ni kinyume cha usomaji wa kipimo cha malaria. Katika malaria, mistari miwili ina maana kuwa mtu ana vimelea. Katika sumukuvu, mistari miwili ina maana kuwa mahindi yamo ndani ya kiwango, na mstari mmoja wa uhakiki peke yake ni ishara ya hatari.

Jambo hili linastahili kusisitizwa. Mtu aliyezoea MRDT akipewa utepe wa mahindi bila ya mafunzo anaweza kuliachia gunia lenye sumu liende kwa mlaji na kulikataa lililo salama. Aidha, katika vipimo vyote viwili, mstari wa uhakiki usipotokea, kipimo hicho kimeharibika na hakipaswi kusomwa.

Kinachopotea pale kosa linapotokea kinafahamika. Mwaka 2004, mlipuko wa sumukuvu mashariki mwa Kenya uliugusa umma kwa wagonjwa 317, ambao 125 kati yao walifariki dunia. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara hapa nchini, watu 68 waliripotiwa kuugua na 20 wakapoteza maisha. Mbali na vifo vya ghafla, ulaji wa kiasi kidogo kwa muda mrefu huleta saratani ya ini, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka sumu hiyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Biashara nayo haikusalimika. Machi 5, 2021, Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio liliondolewa siku chache baadaye, lakini kwa sharti kwamba kila shehena iambatane na cheti kuonyesha kuwa haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwa mkoa kama Kigoma, ambao mahindi na maharage ya Kasulu na Kibondo hushuka hadi ziwani, na ambao bandari yake inatazama Kalemie, Uvira na Bujumbura, somo hilo halikuwa la wakulima wa mpakani mwa Namanga peke yao.

Muhogo, sayanidi na dhahabu ya Geita

Chakula cha pili cha kuangaliwa ni muhogo, ambao unga wake ndio ugali wa kaya nyingi za kando ya ziwa. Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini, ambayo hubadilika kuwa sayanidi pale mizizi inapopondwa au kutafunwa. Kina mama wa Kigoma wamekuwa wakiuloweka siku kadhaa kabla ya kuuanika, na desturi hiyo ni ya kisayansi kamili, kwani maji na uchachu huondoa sehemu kubwa ya sumu.

Hatari huja wakati wa njaa, muhogo unapoandaliwa kwa haraka. Mwaka 1985, baada ya ukame, wilaya ya Tarime ilikumbwa na ugonjwa wa konzo, ambao hupoozesha miguu ghafla na hauponi. Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese, Uganda, watu 98 waliugua na wawili wakafariki baada ya kula unga wa muhogo wenye sayanidi nyingi. Kiwango cha juu cha kimataifa katika unga huo ni miligramu 10 kwa kilo.

Kipimo rahisi cha sayanidi kipo. Ni karatasi ya manjano iliyotiwa pikrati, iliyoendelezwa na Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Unga huwekwa katika kichupa pamoja na kimeng'enya na maji, karatasi huning'inizwa juu yake, na baada ya usiku mmoja karatasi hugeuka kahawia kadiri gesi ya sayanidi inavyozidi. Kwa kuwa kinachofanya kazi ni kimeng'enya, hicho nacho ni ndugu wa vihisio vya kibiolojia.

Chembe za dhahabu zimeongeza njia nyingine, na kanuni yake haiko mbali na sisi. Katika migodi ya Geita, sayanidi hutumika kuyeyusha dhahabu ili kuitenga na mawe. Watafiti wameitumia tabia hiyo hiyo kinyume chake: wanaweka chembe nyekundu za dhahabu katika kimiminika, na sayanidi ya sampuli huzila hadi wekundu unafifia. Kinachopimwa ni kiasi cha rangi iliyopotea. Njia hii haina kitambuzi chenye uhai, hivyo kwa usahihi wa lugha ni kihisio cha kikemikali, lakini lengo ni lile lile.

Mbinu nyingine zinazofanyiwa utafiti

Dhahabu si maada pekee. Mirija ya nano ya kaboni, iliyoelezwa na Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991, na grafini, iliyotengwa mwaka 2004 na Andre Geim na Konstantin Novoselov, hupitisha umeme vizuri na zina eneo kubwa la kubandika vimeng'enya. Zikipakwa juu ya elektrodi, ishara ya umeme huongezeka na kiasi kidogo zaidi cha molekuli huweza kubainika.

Kimeng'enya cha mishipa ya fahamu kiitwacho kolinesterasi nacho hutumika kutafuta mabaki ya viuatilifu. Viuatilifu vya jamii ya fosfati hukizuia kufanya kazi, hivyo umeme ukipungua, sumu imeonekana. Wavuvi na wenye viwanda wa Kanda ya Ziwa Victoria wanaikumbuka thamani ya kipimo cha namna hiyo, kwani mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo kwa hofu ya mabaki ya sumu zilizotumika kuvulia.

Kingamwili pia zimepata mshindani. Tangu mwaka 1990 wanasayansi wanajua kutengeneza vipande vya vinasaba vinavyoitwa aptama, ambavyo hujikunja na kushika molekuli moja iliyochaguliwa. Hutengenezwa bila ya kutumia mnyama na kwa kawaida huvumilia joto kuliko kingamwili, sifa ambayo ina uzito katika mji ambako jokofu hutegemea umeme.

Afrika Mashariki si mtazamaji tu wa sayansi ya nano. Mwaka 2015, Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Alishinda kwa chujio la maji linalotumia maada za nano. Chujio huondoa uchafu, halipimi, lakini maarifa ya kuzitengeneza chembe hizo ni ya ukoo mmoja.

Visichoweza vifaa hivi

Msomaji asidhani kuwa utepe wa karatasi unamaliza kila tatizo. Kwanza, sumukuvu haisambai sawasawa katika gunia. Punje chache zinaweza kuwa na sumu kali huku jirani zake zikiwa safi, na sehemu kubwa ya makosa ya upimaji hutokea katika uchukuaji wa sampuli, si katika utepe. Inabidi kuchota sehemu nyingi za shehena, kuchanganya na kusaga kabla ya kupima.

Pili, sumukuvu haiyeyuki vizuri katika maji matupu. Vipimo vingi huhitaji pombe ya maabara ili kuitoa katika unga, na hiyo ni gharama na mafunzo ya ziada. Tatu, tepe zina muda wa kuisha na huharibiwa na joto na unyevu. Nne, tepe nyingi hutoa jibu la ndiyo au hapana tu, na shauri likifika kwa mnunuzi wa nje au mahakamani, bado mashine kubwa za kromatografia katika maabara ndizo zenye kauli ya mwisho. Tangu Julai 2019, jukumu la usalama wa chakula Tanzania Bara limekuwa mikononi mwa TBS.

Tano, vihisio vingi vya grafini, aptama na mirija ya kaboni bado viko katika vyumba vya utafiti. Kazi nyingi zilizofanikiwa katika maji safi ya maabara hukwama zinapokutana na mafuta ya mawese, unga au damu.

La kufanya leo

Wakati vifaa hivyo vikisubiriwa, kipo kinachowezekana bila ya kununua chochote kikubwa. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au chanja, si juu ya udongo, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu zitengwe, wala zisigeuzwe chakula cha kuku.

Kukauka kwa mahindi kunaweza kupimwa kwa chupa ya kioo na chumvi. Weka punje na chumvi kavu kidogo katika chupa kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda katika kuta za chupa, unyevu unazidi asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Chumvi isipoganda, unyevu uko chini ya hapo, lakini kuanika kuendelee ili kufikia kile kiwango cha 13.5.

Kwa unga wa muhogo unaotiliwa shaka, loweshe kwa maji, utandaze juu ya chano kwa unene usiozidi sentimita moja, uuache kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha upike siku hiyo hiyo. Sayanidi iliyobaki huruka hewani kama gesi.

Mnunuzi wa Ujiji ataendelea kuing'ata punje yake, na hana kosa. Jino humwambia kama mahindi yamekauka, na ukavu ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya kuvu. Lililobaki, yaani kujua kama sumu imekwisha kuingia, halitaki jino. Linataka utepe wenye dhahabu, sampuli iliyochotwa kwa uaminifu, na mtu aliyefundishwa kuwa mstari unaokosekana ndio unaopaswa kumshtua.